Huduma ya ushauri wa biashara kwa vijana jijini Mbeya: unalipia mtu wa kukusikiliza

Kikundi cha vijana ninachokitunzia hesabu husaga na kufungasha unga wa lishe, wa mahindi, soya na karanga, huko Uyole, na kwa msimu mzima uliopita kimekuwa mteja wa huduma ya kulea wajasiriamali vijana inayoendeshwa na taasisi binafsi hapa Mbeya. Nilihudhuria vikao vya ukumbini pamoja na vijana hao, nikawapo pia washauri walipotutembelea mahali pa kazi, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vikundi vingine vinavyojiuliza kama inafaa kutoa fedha zao kwa huduma ya aina hii. Taasisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu ndani yake nimekuta ushauri mzuri kuliko wowote niliowahi kuusikia tangu nianze kushughulika na vikundi, na humohumo nimekuta ushauri uliomtia mtu hasara, na si haki jina moja libebeshwe sifa zote mbili. Maoni yangu ni kwamba huduma inastahili kulipiwa, mradi mteja afahamu mapema kwamba faida atakayoipata itategemea mshauri atakayepangiwa kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa kwenye kipeperushi.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mjasiriamali au kikundi hujaza fomu, hulipa ada ya mwezi isiyozidi bei ya gunia la mahindi wakati wa mavuno, kisha hupangiwa mshauri mmoja ambaye ataonana naye ukumbini na kumtembelea mahali pake pa kazi. Ukumbi uko Soweto, na anayetoka Uyole hufika kwa daladala moja. Mada za ukumbini ni zile ambazo mtu angezitarajia: kutunza daftari la mauzo, kupanga bei, kupata namba ya mlipakodi, kusajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kuomba alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango) kwa kuanzia na barua ya utambulisho kutoka SIDO (shirika la viwanda vidogo), na kuandaa maombi ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hayo yote yalifundishwa kwa usahihi. Hata kusimamishwa kwa mikopo hiyo mwaka 2023 na kurejeshwa kwake mwaka 2024 kulielezwa bila kuficha usumbufu uliovipata vikundi vilivyokuwa katikati ya maombi. Kama mtu anatafuta maelezo tu, atayapata, ingawa maelezo hayohayo angeyapata bure kwa kwenda mwenyewe katika ofisi za SIDO au kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake.

Ugumu ulianza pale maarifa hayo yalipotakiwa kumfaa mtu fulani, mwenye biashara fulani, katika mahali fulani. Mshauri wetu wa kwanza alikuwa mtu wa makamo kutoka Dar es Salaam, msomi, mwenye uzoefu wa miaka mingi katika biashara ya jumla, na ni haki yake niseme kwamba hakuwahi kuja bila kujiandaa. Slaidi zake zilikuwa safi na mifano yake ilikuwa mingi. Hata hivyo, alipokutana nasi mara ya kwanza aliuliza jina la kikundi na idadi ya wanachama, akaandika majibu, kisha akaanza kufundisha. Hakuuliza tunanunua wapi mahindi, nani anasaga, nani ananunua unga wetu, wala kwa nini mauzo hupungua kila shule zinapofungwa. Kila mwisho wa kikao alikuwa akisema, "Tumeelewana?" na vijana wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Kutokana na itikio hilo aliandika katika taarifa yake kwamba kikundi kimeyapokea mapendekezo yote.

Mtu anayetaka kuwalea vijana wa Nyanda za Juu Kusini hawezi kuitegemea "ndiyo" ya namna hiyo. Kijana aliyelelewa vyema Rungwe, Makete au Mbozi hufundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa anapozungumza, mdogo huinamisha macho na kuitikia. Kumkatiza mzee au kumwambia kwamba hajaelewa jambo ni utovu wa adabu ambao hata wenzake watamlaumu kwao. Kwa hiyo itikio lake huonyesha heshima, na bado halijaonyesha kama amekubali au amekataa. Sisi tuliokulia huku tunalifahamu hilo, lakini nasi hulisahau upesi tunapokalishwa upande wa meza wenye maji ya chupa. Methali isemayo kwamba penye wazee haliharibiki neno niliisikia ukumbini ikitumiwa kumnyamazisha kijana aliyekuwa ameanza tu kusema "lakini," na aliyeitumia alikuwa mwenyeji kabisa, mzaliwa wa hapahapa. Ndiyo maana naamini kwamba mzigo wa kusikiliza ni wa mshauri. Kijana hatauvunja mwiko wa adabu ili kumwokoa mshauri na makosa yake; ni mshauri anayepaswa kushuka mpaka mahali ambapo kijana anaweza kusema bila kujiona mkosefu.

Nitatoa mfano wa kijana mmoja wa kundi letu la mafunzo, ambaye hununua viazi mviringo kwa wakulima wa Isyonje na maeneo ya kuelekea Kitulo, na kuviuza kwa wenye malori yanayokwenda Dar es Salaam. Mshauri alimwagiza aache kuuza kwa lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichuguu cha viazi juu na kufungwa kwa kamba, na auze kwa kilo. Kisheria alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa Wakala wa Vipimo huhimiza kila mwaka kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na mkulima ndiye anayeumia zaidi kwa ile ziada isiyolipiwa. Kijana alijaribu kueleza kwamba mnunuzi akikataliwa lumbesa huwasha gari na kusogea kwa muuzaji wa mbele, na kwamba mtu mmoja hawezi kuubadilisha mtindo wa gulio zima akiwa peke yake, tena akiwa na mzigo ambao ukilala siku kadhaa unaanza kugeuka kijani. Alijibiwa kwamba hizo ni fikra za kimaskini, slaidi iliyofuata ikawekwa, naye akasema ndiyo na kukaa. Neno lake moja lilikuwa na maelezo ya soko lote la viazi la ukanda huu, na lilipita bila mtu kulidaka.

Hasara niliyoitaja mwanzoni ilimpata binti wa Tukuyu anayefanya biashara ya ndizi. Aliagizwa atengeneze kaushio la jua ili auze ndizi kavu zenye thamani kubwa zaidi, kama wanavyofanya wajasiriamali wa mikoa mingine. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na katika miezi ambayo kwingine ni ya kiangazi, ukungu na manyunyu huweza kukaa juu ya mji kutwa nzima. Binti alisema kwa sauti ya chini kwamba kwao jua si la kutegemea. Maneno hayo yalichukuliwa kuwa kisingizio cha mtu asiyetaka kujaribu mapya, naye kwa heshima akatoa akiba yake, akanunua mbao na nailoni, akafuata mchoro aliopewa, na ndizi zikaota ukungu kabla hazijakauka. Aliporudi ukumbini na kuulizwa mradi unaendeleaje, alijibu kwamba bado anajaribu. Nchi hii imewahi kuona jambo la aina hiyo kwa kiwango kikubwa mno, pale serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa karanga Kongwa mwaka 1947 ikiwa na matrekta na wataalamu wengi, na kuufuta mwaka 1951 baada ya kushindwa na udongo mgumu na mvua haba, mambo ambayo mkulima yeyote wa pale angeweza kuyaeleza.

Pia alikuwapo kijana muuza viatu vya mitumba Mwanjelwa ambaye aliambiwa hana mpangilio, eti kwa sababu mzigo wake ameugawa: kiasi kidogo kibandani, kiasi nyumbani, kiasi kwa mjomba wake. Alishauriwa akodi stoo moja sokoni. Ambaye hajui kwamba soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006 na kwamba moto uliteketeza tena vibanda vya soko la SIDO, jirani kabisa na hapo, mwezi Agosti mwaka 2017, ataona uzembe mahali ambapo mwenyeji anaona bima pekee aliyo nayo mfanyabiashara mdogo. Swali moja tu, "kwa nini umegawa mzigo?" lingetosha.

Katikati ya msimu taasisi ilitubadilishia mshauri bila kutupa taarifa, jambo ambalo lilituudhi siku ile na ambalo sasa nalishukuru. Aliyekuja alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kuendesha mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali. Hakuanzia ukumbini. Alipiga simu kuuliza siku ambayo kazi huwa nyingi zaidi, akafika Uyole siku hiyo asubuhi, akaitikia shikamoo za vijana mmoja baada ya mwingine, na walipomkimbilia na kiti cha mgeni alikishukuru, akakiacha, akaenda kuketi juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na wasichana waliokuwa wakichambua karanga. Akaanza kuchambua nao. Kwa muda mrefu hakuuliza lolote la biashara. Aliuliza karanga zimetoka wapi, akasifu ukubwa wa punje, akasimulia kidogo shida za chenga na mawe katika mpunga, kisha akanyamaza. Nilikuwa na kazi yangu ya stakabadhi pembeni na nakiri kwamba ukimya ule ulinitia wasiwasi, kwa kuwa tumezoea kuona mtaalamu anayelipwa akizungumza.

Ndipo akamuuliza mdogo kuliko wote pale, binti ambaye katika vikao vya ukumbini sikuwahi kuisikia sauti yake, "Mwanangu, hizi mbovu mnazipeleka wapi?" Binti alimtazama mwenyekiti wa kikundi, akarudisha macho kwenye ungo, akasema kwamba zenye ukungu mwingi hutupwa, lakini zilizosinyaa na zilizovunjika hurudishwa gunia likikaribia kuisha, ili uzito utimie. Kwa asiyejua, hilo ni jambo dogo. Kwa anayetengeneza unga wa uji wa watoto ni jambo kubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, hujikusanya zaidi katika punje chache zilizoharibika, na kuchambua kwa mkono ni mojawapo ya njia zenye manufaa za kuipunguza. Kuzirudisha punje hizo ni kuifuta kazi yote iliyofanyika. Watanzania hawajasahau kwamba mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yalisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tulikuwa tumekwisha kaa vikao kadhaa na mtaalamu wa lebo na chapa, tukajadili rangi ya mfuko, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mchambuaji anachofanya na taka.

Mzee hakugomba. Kama angegomba, nadhani binti yule asingefungua tena kinywa mbele ya mgeni, na wenzake wangejifunza kwamba kusema ukweli kunaletea mtu aibu. Aliuliza uamuzi huo ulitokana na nini, akaambiwa kwamba karanga hununuliwa kwa kilo pamoja na mbovu zake, kwa hiyo kila kinachotupwa ni fedha. Akasema hilo analielewa vizuri, kwa sababu hata yeye alipokuwa na mashine aliona uchungu wa kutupa. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia kwa mtu wa umri wake: kwamba yeye anajua mpunga, ila karanga na unga wa watoto havijui, na kwamba afadhali tukaulize pamoja kuliko yeye kubuni jibu. Wiki iliyofuata alifuatana na vijana wawili mpaka SIDO, kisha kwa afisa lishe wa halmashauri, na kule alikaa nyuma akiwaacha vijana wenyewe waeleze shida yao. Niliwaona wakirudi na daftari lililojaa, na waliyajua yaliyoandikwa humo kwa sababu waliyauliza wao.

Matokeo ya mazungumzo hayo yanaonekana mpaka leo. Karanga sasa zinanunuliwa kwa mfanyabiashara anayekubali zichambuliwe kabla ya kupimwa, kwa bei iliyo juu kidogo, na mbovu hazirudi kwenye unga kwa namna yoyote. Soya nayo imewekewa mtu mmoja wa kuhakikisha inakaangwa ikaiva sawasawa, kwa kuwa soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili wa mtoto kuitumia protini yake. Kazi ya usimamizi huo amepewa yule binti wa karanga.

Nisieleweke kuwa nasifu upole. Mzee huyohuyo ndiye aliyetupa maneno makali kuliko yote ya msimu. Baada ya kupitia madaftari yangu na kuuliza kila kitu kinavyofanyika, aligundua kwamba bei ya unga ilikuwa imekadiriwa kwa gharama ya mahindi, soya, karanga, kusaga na mifuko, na kwamba hakuna aliyehesabu kuni za kukaangia, nauli ya bajaji ya kupeleka mzigo madukani, uzito unaopotea soya inapopepetwa na kukaangwa, wala ujira wa vijana wenyewe. Aliwaambia wazi, "Unga huu mnauuza kwa hasara, na pengo mnalilipa ninyi kwa nguvu zenu, mkiendelea hivi, wa kwanza kuoa au kuolewa ataondoka, na wengine watamfuata." Hakuna aliyekasirika. Mtu aliyekwisha kuketi kwenye ndoo akachambua nawe karanga ana haki ya kukwambia hivyo. Na walipomjibu kwamba wakipandisha bei maduka ya Mwanjelwa yataukataa unga wao, hakuing'ang'ania hoja yake. Aliwauliza wanunuzi wao ni akina nani hasa, wakagundua kwamba wengi ni akina mama wanaonunua kidogokidogo kila wiki, na hatimaye wakaamua kufungasha mifuko ya nusu kilo kwa bei inayolipa, huku ule wa kilo moja ukibaki kwa wateja wa shule. Wazo la nusu kilo lilikuwa la vijana. Yeye alileta hesabu na maswali.

Kijana wa viazi naye alipata bahati ya kuzungumza na mzee huyu pembeni mwa ukumbi. Swali aliloulizwa lilikuwa jepesi: nani hununua kwako bila kudai lumbesa? Alifikiri, akataja wakaanga chipsi wa Kabwe na Mwanjelwa, mama lishe wawili na shule moja ya bweni, ambao wote hununua kwa ndoo au kwa kupimiwa mizani. Tangu hapo hutenga viazi vikubwa kwa ajili ya wateja hao na kuvisambaza mwenyewe kwa bajaji. Sehemu kubwa ya mzigo wake bado inaondoka kwa malori, tena kwa lumbesa, na hakuna mshauri aliyeweza kulitatua hilo, kwa kuwa si tatizo la muuzaji mmoja. Naona ni uungwana mzee hakujifanya analo jibu.

Kwa upande mwingine, wapo washauri walioelewa kusikiliza kuwa ni kukubali kila kitu. Mmoja wao, ambaye umri wake haukupishana sana na wa vijana aliowalea, alikuwa msikivu kweli: alitikisa kichwa, aliandika, alisema "safi sana" kwa kila wazo, na mjasiriamali aliyekuwa akimpangishia saluni mtu asiyemlipa kodi aliondoka kikaoni akiwa na furaha na akiwa bado hajalipwa. Unyenyekevu wa namna hiyo haugharimu kitu na haumfai mtu. Aliyekusikiliza mpaka mwisho anapaswa kukurudishia kitu ambacho wewe mwenyewe hukukiona, hata kama kitakuchoma, na ada ya mwezi inalipwa kwa ajili hiyo.

Yapo mambo ya uendeshaji ambayo taasisi inapaswa kuyarekebisha. Vitini vimeandikwa kwa Kiingereza, na vijana wengi waliomaliza kidato cha nne huvibeba nyumbani kwa adabu na kutovifungua. Hakuna sababu ya msingi ya kutoviandika kwa Kiswahili, ilhali mafunzo yenyewe yanatolewa kwa Kiswahili. Vikao huchelewa kuanza, na anayetoka Rungwe hujikuta akirudi gizani katika miezi ya Juni na Julai, wakati baridi ya Mbeya si ya mzaha. Kundi la WhatsApp limejaa salamu, picha za maua na jumbe za kusambazwa, kiasi kwamba swali la kweli la mtu kuhusu mashine iliyoharibika hupotea kabla halijajibiwa. Chai ni nzuri na maandazi ni ya moto, nalo nalitaja kwa kuwa kuna watu waliotoka nyumbani alfajiri. Stakabadhi hutolewa bila kudaiwa.

Lililo zito zaidi ni fomu ya tathmini. Mwisho wa kila mwezi mshauri hujaza taarifa kuhusu kijana, na kijana hujaza fomu kuhusu mshauri mbele ya mshauri huyohuyo, kisha fomu hukusanywa na mshauri. Kwa mazingira niliyoyaeleza ya adabu na heshima, fomu hizo zote husema huduma ni nzuri sana. Binti wa Tukuyu, ambaye akiba yake iliishia kwenye nailoni, alijaza kwamba ameridhika. Nilizungumza na ofisi kuhusu jambo hili, nikapendekeza kwamba maoni yakusanywe na mtu mwingine, kwa mazungumzo, mahali ambapo mshauri hayupo, na kwamba badala ya kuuliza kama kijana ameridhika, aulizwe ni jambo gani alilitaja ambalo mshauri hakulifuatilia. Walinisikiliza kwa upole na kuandika.

Kwa vikundi vinavyofikiria kujiunga, ushauri wangu ni huu. Kabla ya kulipa, ombeni mshauri aje kwanza mahali penu pa kazi siku ambayo kazi inaendelea, na muangalie anafanya nini katika nusu saa ya mwanzo. Akiomba mahali pa kuchomeka kompyuta yake kabla hajajua mnauza nini, ombeni mwingine mapema, kwa kuwa utaratibu unaruhusu kubadilisha katika mwezi wa kwanza bila gharama. Akizungumza na mwenyekiti peke yake, mwelekezeni kwa anayechambua, anayesaga na anayepeleka mzigo. Mtu mmoja aliye peke yake katika biashara, hasa msichana, ni vyema aende na mwenzake anayemwamini, ili awepo wa kurudia kwa sauti kile ambacho kimesemwa kwa kunong'ona. Wanaohitaji usajili tu au barua ya SIDO wasiingie gharama hii. Waende ofisini wenyewe, watahudumiwa.

Kikundi chetu kimelipia kipindi kingine. Tumeweka sharti moja kwa maandishi, kwamba mzee wa Ubaruku aendelee kuwa mshauri wetu na kwamba tukibadilishiwa tupewe taarifa mwezi mmoja kabla, na ofisi imelitia sahihi. Binti wa Tukuyu hakujiunga tena. Anauza ndizi mbichi kama zamani, kwenye kituo cha mabasi, na hivi karibuni ameanza kukaanga kripsi za ndizi ambazo hazihitaji jua, wazo ambalo anasema alikuwa nalo tangu kikao cha kwanza.